Wifi anataka magauni, mama mkwe anataka gomesi, na mabegi ni mawili tu

Shangazi, salamu kutoka Jinja.

Mimi ni mwanamke wa miaka 38, nina mume, watoto wawili na duka la rejareja. Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu ndicho nilichokulia. Baba yangu alikuwa mwanajeshi, na kambini hatukuwa na lugha nyingine ya kugombana wala ya kupatana. Mume wangu ni Muganda wa Mukono, na mambo mengine ya kwao mpaka leo nayajua nusunusu. Nalisema mapema ili usije ukaniona mjeuri.

Mama mkwe wangu anatimiza miaka 70 mwezi wa tisa. Wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, yuko Brussels mwaka wa kumi na tano sasa, anahudumia wazee. Kumbe miaka yote hiyo alikuwa akiweka akiba kimyakimya. Mwezi wa pili akapiga simu ya video tukiwa wote sebuleni kwa mama: anatupandisha meli ya kitalii, familia nzima, usiku saba. Tunapanda Barcelona, tunapita Marseille, Genoa, Civitavecchia, Palermo na bandari nyingine, tunarudi Barcelona. Mama alilia. Mimi nililia. Mume wangu alitoka nje kwenda kuangalia ng'ombe ambao walikuwa wamekwishaangaliwa.

Shida ikaanza na mizigo. Ndege ya Entebbe hadi Brussels haina neno, kila mtu ana kilo zake. Lakini kutoka Brussels kwenda Barcelona wifi ametukatia ndege ya bei nafuu. Humo kila mtu anaruhusiwa begi dogo la kusukuma chini ya kiti, sentimita 40 kwa 30 kwa 20, yaani kama begi la shule la mwanangu. Juu ya hapo amelipia mabegi mawili ya kilo 20 kwa watu sita. Na chumba chetu melini hakina dirisha. Tutalala wanne, vitanda viwili vinashushwa kutoka darini.

Mimi moyoni nilifurahi. Napenda kusafiri mwepesi, na nina sababu. Mwaka 2016 nilikwenda Dubai kufuata mali ya duka, wakati wa kurudi begi likazidi kilo sita. Nikalifungua sakafuni mbele ya foleni nzima, nguo za ndani zikaonekana, nikavaa blauzi tatu na sweta juu yake, mwezi wa saba, na aliyekuwa akinipimia alikuwa anatafuna chingamu bila hata kuniangalia. Tangu siku hiyo niliapa.

Basi wifi akatuma orodha kwenye WhatsApp. Meli ina jioni mbili za gala, watu wanavaa rasmi kwa chakula cha usiku, na jioni moja ya mavazi meupe. Kwa hiyo kila mwanamke abebe magauni marefu mawili na nguo nyeupe moja, viatu vya kisigino vya rangi mbili. Mume wangu suti nyeusi na tai ya kipepeo. Mwanangu wa miaka tisa, suti pia. Halafu mwishoni kabisa akaandika: "Mama asibebe gomesi. Tutaonekana tumetoka kwenye kwanjula." Gomesi ni gauni lao refu la heshima la Kiganda, na kwanjula ni sherehe yao ya kumtambulisha mchumba kwa wazazi wa binti.

Mama hana WhatsApp. Lakini ana mjukuu wa miaka 13 anayesoma kila kitu kwa sauti.

Siku ya pili yake mama alikuja dukani kwangu na gomesi nne ndani ya shuka. Hakusema lolote kuhusu ujumbe ule. Alisema tu, "Nipimie, nisije nikakuaibisha kwenye ndege." Nikaziweka kwenye mizani ya sukari, moja moja, wateja wakitazama. Ile ya hariri ya zambarau, na kikoyi cha ndani na mshipi wake, ilivuta kilo moja na nusu. Zote nne zilifika kilo sita. Nikamwambia, "Mama, chagua moja." Akazikunja upya, polepole, mshipi juu ya mshipi, akasema hawezi kwenda mbele za watu amevaa shimizi. Shimizi ndilo jina alilowapa magauni ya wifi yenye mabega wazi.

Mume wangu ana suti moja, ya harusi yetu ya 2011, haifungi tena tumboni. Nilimwambia twende soko la Owino tutafute ya mivumba, yaani mitumba, au tukodi Kampala. Akanyamaza. Usiku, taa imezimwa, akasema: "Kama ni kuazima suti ili nikale chakula alicholipia dada yangu, bora nibaki na duka." Alisema kanzu na koti vinamtosha, na kama kanzu haifai basi na yeye hafai. Tangu hapo hatujaligusa tena.

Fundi wangu amenitajia shilingi 350,000 kwa gauni moja refu. Ninayataka mawili, na binti yangu mawili. Hesabu hiyo ni friji ya duka.

Nimefikia mahali nina mpango ambao sijamwambia mtu. Tutalala kwa wifi Brussels usiku mbili kabla ya ndege ya pili. Nataka usiku wa mwisho nizitoe gomesi tatu kwenye begi la mama, nizifiche kwenye kabati la wifi, kisha tukifika Barcelona nijifanye kushangaa kama wengine. Wifi atafurahi, begi litakuwa jepesi, na mama atabaki na moja. Mama mwenyewe siku hizi hafikirii hata meli, kila akija ananiuliza, "Roma ni siku ya ngapi?" Nimeshamwambia mara ishirini kwamba ni siku ya nne, na kwamba meli inasimama bandarini Civitavecchia, si Roma yenyewe. Kisha anarudia hadithi yake ya mwaka 1969, alivyosimama kando ya barabara Kampala akiwa msichana, Papa Paulo wa Sita akapita. Tunaijua kwa moyo.

Shangazi, ni vibaya nikizitoa? Na nimfanyeje mume wangu? Mimi nilitaka begi jepesi tu.

Mwenye mizani, Jinja

*

Mwenye mizani, mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilicheka pale gomesi ilipopanda kwenye mizani ya sukari. Samahani, najua wewe hukucheka.

Nikwambie mapema, mimi si mtu wa meli. Meli yangu ni MV Kalangala ya Ziwa Viktoria, kutoka Nakiwogo hadi Lutoboka, mwendo wa saa tatu na nusu hivi, na hakuna aliyewahi kuniuliza nimevaa nini nikila chapati yangu. Lakini jirani yangu mmoja alisafisha vyumba kwenye meli za aina yenu kwa mikataba miwili. Nilimwita, nikamsomea barua yako bila kutaja mji, tukakaa nayo mpaka chai ikapoa. Mengi ya vitendo utakayoyaona hapa ni yake.

Nilivyokuelewa ni hivi. Wifi yako ametoa zawadi kubwa na ameiwekea masharti. Mama mkwe ameyasikia masharti kutoka kinywani mwa mjukuu, akajibu kwa kukuletea shuka lenye nguo nne. Mumeo anaona zawadi inamfanya mdogo. Na wewe katikati umeshika mizani, ukiamini kwamba kilo zikikaa sawa, watu nao watakaa sawa.

Tuanze na kilo basi, maana ndizo ulizozileta.

Jirani yangu anasema jambo la kwanza ni kutenganisha anachotaka wifi na kinachotakiwa na meli. Si kitu kimoja. Kwenye meli nyingi za usiku saba, jioni ya gala maana yake ni kwamba kwenye ukumbi mkubwa wa chakula wanaume wanavaa suti, au koti na suruali ya heshima, wanawake gauni au nguo nadhifu ya kutokea. Tai ya kipepeo wengine wanavaa, wengi hawavai. Wanachokataa mlangoni ni kaptula kwa wanaume, nguo za kuogelea, kandambili, fulana zisizo na mikono. Na ghorofa ya juu kuna bufee ambako jioni hiyohiyo watu wanakula na nguo zao za mchana, na hawatazamwi. Kuhusu vazi la heshima la kwenu: zipo kampuni za meli, hata zile zinazoshikilia mavazi ya jioni kuliko wengine, zinazoandika wazi kwamba vazi rasmi la taifa la mtu linahesabika sawa na suti na gauni la gala. Je, yenu imeandika hivyo? Hilo linajibiwa na barua pepe moja, na mwenye namba ya tiketi ni wifi. Akiuliza yeye, jibu litaingia kwenye simu yake, alisome yeye kwanza. Nadhani unaona kwa nini nalipenda liende hivyo.

Na hivi, ni lini Mganda ameanza kuogopa masharti ya mavazi? Nimewahi kuona kwenye kwanjula mwanamume mzima, mtu na cheo chake, anasimamishwa getini kwa sababu hana kanzu, anakodi ya kijana aliyekaa pale na rundo zima, inamfika magotini, anaingia. Hakuna aliyesema anaonewa. Sheria ya gala ni binamu wa sheria ile. Wageni wanakubaliana kwamba usiku huu tunamheshimu mwenye shughuli. Kwenu mwenye shughuli ni mama.

Kwa hiyo lile neno la wifi, "tutaonekana tumetoka kwenye kwanjula", nimekaa nalo muda. Kuonekana na nani? Abiria elfu kadhaa kutoka kila nchi, ambao hawajui kwanjula ni nini? Siamini kwamba anawaogopa hao. Miaka kumi na tano ya kuhudumia wazee wa watu, mwanangu, ni miaka ya kuingia kwenye nyumba za watu kwa mlango wa nyuma. Huenda amewahi kuvaa gomesi mahali fulani akaangaliwa kwa namna ambayo hajamsimulia mtu. Huenda ana picha kichwani, kwa sababu jioni za gala wapiga picha wa meli hutandaza mapazia yao na kila familia inasimama. Ameiona picha ya familia yake pale kwa miaka, na katika picha hiyo wote mmevaa kama watu wa huko. Huenda pia ni mbinafsi tu, watu wapo. Simjui. Lakini wewe nawe humjui vizuri kwa jambo hili, na hujamuuliza. Umepokea orodha, ukapeleka kwa fundi.

Sasa mumeo. Umesema alikwenda kuangalia ng'ombe walioangaliwa. Hiyo ilikuwa mwezi wa pili, kabla ya suti, kabla ya orodha. Hebu rudi pale. Wewe umesoma ukimya wake kama shida ya nguo, ukampa dawa ya nguo: Owino, au kukodi. Lakini sentensi yake ya gizani haikuwa na shida na suti. Ilikuwa na shida na neno "kuazima" na neno "alicholipia". Mtoto wa kiume, mama yake anatimiza 70, na shughuli imebebwa na dada. Ukimletea suti ya bei nzuri namna gani, hujagusa hapo. Sina hakika ni nini kitakachogusa. Pengine kuna sehemu ya safari ambayo ni yake kuilipa, hata ndogo, na wifi aambiwe wazi: hii ni ya kaka yako. Nitairudia, nina wazo.

Kuhusu kanzu, jirani yangu alicheka, si kwa dharau. Alisema, "Huyo mwanamume ndiye pekee aliyefunga begi vizuri." Fikiria: kanzu nyeupe moja, koti moja jeusi juu yake. Jioni ya kwanza ya gala imekwisha. Jioni ya mavazi meupe, kanzu ileile bila koti. Jioni ya pili ya gala, koti linarudi. Koti lenyewe atalivaa kwenye ndege, halikai begini. Kanzu haina hata gramu mia tano. Ubaya wake ni kukunjamana, na pasi hawaruhusu chumbani kwa sababu ya moto, wakiikuta kwenye begi wanaishika mpaka mwisho wa safari. Itabidi kuitundika bafuni wakati wa maji ya moto na kuivuta kwa mkono, au kulipia dobi wa meli. Na lipo hili la pili, ambalo ni zito kidogo: akiivaa kwa kujivunia itakuwa vazi, akiivaa kwa kumkomoa dada yake itakuwa bango. Kitambaa kitakuwa kilekile. Wewe unalala naye, utajua ni ipi.

Watoto wasikusumbue. Mvulana ana shati jeupe la shule na suruali nyeusi, basi. Mtu asikudanganye umshonee suti mtoto ambaye ikifika Pasaka haitamwingia. Binti ni suala jingine kwa sababu ana miaka 13 na ana macho ya watu wote usoni. Mpe gauni moja la urefu wa kati alilochagua mwenyewe, na mtandio wa kulibadilisha jioni ya pili. Wewe vilevile. Gauni moja jeusi la kawaida, mitandio miwili, viatu vya chini vinavyong'aa kidogo. Viatu ndivyo vinavyokula kilo, magauni yanasingiziwa. Na hiyo friji ya duka, mwanangu, ningependa ije.

Chukua na leso mbili, yaani kanga. Si kwa sababu ni mambo yetu, bali kwa sababu leso ni taulo, shuka la ndegeni, kijifunika cha kutoka bwawani, na siku ya nne itakuwa kitu kingine, tutafika. Nguo ndogondogo mtafua usiku kwenye sinki, mtazikunja ndani ya taulo na kukamua, bafuni kuna kamba ya kuvuta ya kuanikia. Kuta za vyumba ni za chuma, sumaku zenye ndoano zinashika; nunua sita, chumba cha watu wanne bila kabati kubwa kitapumua. Dawa za mama na pasipoti zisiingie kwenye begi kubwa hata kidogo, maana siku ya kupanda mabegi yanachukuliwa bandarini na kuletwa mlangoni jioni.

Nimemaliza kilo. Nataka tukae kwenye siku ya nne.

Umeniandikia kwamba mama anauliza Roma ni siku ya ngapi, nawe unamjibu kama mtu aliyesahau. Mara ishirini, mwanangu. Mtu hasahau kitu mara ishirini. Umeniandikia hadithi ya 1969 kwa mistari miwili, kama jambo mnalolijua kwa moyo, kisha ukarudi kwenye begi. Mimi nilishindwa kurudi.

Mama alikuwa msichana mdogo tarehe 18 Oktoba 1964, siku Papa Paulo wa Sita alipowatangaza mashahidi wa Uganda 22 kuwa watakatifu, pale Roma kwenye kanisa la Mtakatifu Petro. Wakatoliki wa umri wake walikua na siku hiyo nyumbani kama watu wengine wanavyokua na redio. Miaka mitano baadaye mtu yuleyule aliyewatangaza akaja Uganda, akafika Namugongo, walikouawa wengi wa mashahidi hao, na mama yako mkwe akamwona akipita. Sasa ana miaka 70, na mtu amemwambia kuna chombo kitakachomshusha karibu na lile kanisa lenyewe. Je, unadhani zile gomesi nne ni za chakula cha jioni?

Sisemi najua. Inawezekana tatu ni za majivuno na moja ni ya Roma. Inawezekana zote ni jibu kwa ujumbe wa wifi. Lakini ulimwambia achague moja bila kumuuliza kila moja ni ya nini, naye akazikunja akaondoka. Ningekuwa wewe ningerudi kwake bila mizani. Ningekaa chini, ningemwomba azitandaze, anisimulie: hii uliivaa lini, hii unataka kuivaa wapi. Wewe ambaye mambo ya kwao unayajua nusunusu una ruhusa ya kuuliza ambayo binti yake hana. Na kama hujawahi kusikia, gomesi yenyewe inasimuliwa kwamba ilishonwa na fundi Mgoa aliyeitwa Gomes, miaka ya mwanzo ya karne iliyopita, kwa ajili ya wasichana wa shule ya Gayaza. Kanzu nayo ilipanda kutoka pwani na wafanyabiashara Waarabu. Nguo zetu za heshima zilikuja na safari. Sijui kama wifi anaikumbuka hadithi hiyo. Ni nzuri kumsimulia mtu anayeogopa kuonekana ametoka kijijini.

Hapa ndipo wazo langu la mumeo. Kutoka bandari ya Civitavecchia kuna treni za kawaida zinazosimama kituo cha Roma San Pietro, kama saa moja hivi, na kutoka kituoni si mbali na kanisa. Kuingia kanisani ni bure, foleni ya ukaguzi ndiyo ndefu, na wanataka mabega na magoti yafunikwe, hapo ndipo leso itamwokoa binti yako. Mama kwa gomesi hatahitaji kufunikwa chochote. Siku hiyo mumeo anaweza kuibeba yeye: anunue tiketi, ashike mkono wa mama kwenye ngazi, alipe teksi kama mguu umechoka. Hatari zake nazo ni za kweli. Meli haimsubiri abiria aliyejiendea mwenyewe, ikifika saa inang'oa nanga. Na kupanda treni na gomesi ya mita sita si mchezo kwa bibi wa miaka 70. Matembezi yanayouzwa na meli yenyewe ni ghali zaidi, ila basi lao likichelewa meli inalisubiri. Mkae mpime. Mumeo apime, nataka kusema.

Sasa mpango wako wa usiku wa Brussels. Umeniuliza kama ni vibaya. Nitakuuliza nami: umeshaiona asubuhi yake? Barcelona, chumba kidogo, mama anafungua begi mbele ya wajukuu. Anatafuta ile ya zambarau. Anatoa kila kitu, anakiweka kitandani, anarudisha mkono ndani. Wewe umesimama pale unajifanya kushangaa. Wewe, mtu ambaye mwaka 2016 begi lake lilifunguliwa mbele ya watu na mpaka leo anakumbuka chingamu. Najua mpango ule umezaliwa na uchovu, si ubaya. Na una faida yake, siukatai: kilo nne na nusu zinapungua na wifi anatulia. Ila kabati utakaloficha ni la wifi. Akilifungua yeye kwanza, ama atakuwa mshirika wako bila kuombwa, ama atampigia mama simu.

Njia ya wazi ni ndefu zaidi. Mtu lazima aongee na wifi, na swali ni nani. Ukiongea wewe, ni mke wa kaka anayekosoa zawadi. Hata ukisema kwa upole namna gani, neno litafika limevaa viatu vingine. Akiongea mumeo, kuna hasira yake ya zamani ambayo inaweza kuponyoka. Mama akiongea, wifi atalia na kukubali kila kitu, kisha atakaa meli nzima amenuna, na shughuli ni yake pia, tusisahau. Hakuna mlango usio na kizingiti hapo. Mimi ningeegemea kwa mumeo, lakini baada ya wewe na yeye kuligusa lile mlilokubaliana kutoligusa. Na aanze na shukrani ambayo bado hajaitoa, aliitorokea zizini.

Pia inawezekana mkakubaliana nusu kwa nusu. Gala ya kwanza kila mtu avae alichopanga wifi, apate picha yake. Yeye anaishi Brussels, anaweza kuazima magauni kwa rafiki zake huko badala ya wewe kushona. Gala ya pili iwe ya mama, gomesi na kanzu, wifi naye amevaa ya kwake au hakuvaa. Gomesi mbili badala ya nne, kilo tatu. Mama anaweza kukataa. Wifi anaweza kusema picha moja haitoshi. Na mnaweza kula bufee usiku huo, mkiwa na amani au mkiwa mmenuniana, chakula ni kingi.

Ukishaongea na mama, niandikie. Nataka kujua ile ya zambarau ni ya wapi.

Jirani yangu ameniomba niongeze hili, anasema watu hawaambiwi. Usiku wa mwisho mabegi yote yanawekwa nje ya mlango kabla ya saa sita, wafanyakazi wanayachukua, mnayakuta nchi kavu. Acheni nguo za asubuhi chumbani. Aliwahi kugongewa mlango wa stoo alfajiri na mzee mmoja wa heshima zake, suti, viatu, kila kitu amekwishatoa nje usiku, yuko na shati la kulalia na taulo la meli kiunoni. Alimpatia suruali ya mpishi, ya miraba myeusi na myeupe, na mzee akashuka nayo mpaka kwenye teksi.

Shangazi